Jedwali la Watoto wa Munje

Mwaka ule bendera yetu ilikuwa bado inanukia upya, nami nilikuwa nimemaliza shule ya usiku Msambweni, ile tuliyosomea chini ya karabai moja na wadudu elfu sita. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu. Nikitoka shambani nalitupa jembe mlangoni, naingia darasani. Nilipofaulu mtihani, shangazi yangu aliyenilea alipiga vigelegele vilivyosikika hadi Kinondo, na wapo wanaoapa kwamba ndege wa kisiwani Chale waliruka wote kwa pamoja.

Mwalimu wetu ndiye aliyenionyesha njia. Ofisi ya maendeleo kule Kwale ilikuwa imebandika tangazo: chuo kikuu huko bara kilitafuta watu wazima wa kusomea ustawi wa jamii, hata waliosoma usiku, mradi wawe wanawajua watu wao. Atakayechukuliwa atapata kitanda, blanketi mbili, chakula, na ruhusa ya kuazima kitabu chochote atakacho. Kwa mtu aliyesoma kitabu kimoja kwa zamu na wenzake kumi na tisa, hiyo ruhusa ya mwisho ndiyo iliyonitoa jasho. Nilikitaka kitanda kile kuliko nilivyowahi kutaka mke.

Ila kulikuwa na sharti. Kila mwombaji alipewa jedwali pana kama mkeka, atembelee nyumba kumi za kijiji kimoja na kulijaza, kisha Ijumaa mwalimu wa chuo aje kumhoji. Safu ya kwanza, mwenye nyumba. Ya pili, kazi yake. Ya tatu, idadi ya watoto. Ya nne, shida za nyumba. Asiyejaza safu zote asijisumbue kufika ofisini.

Nilichagua Munje, kwa kuwa shangazi alikuwa na mashoga wengi huko. Nyumba ya kwanza nilimkuta mama mmoja akimenya muhogo. Nikapiga hodi, nikamwamkia, tukaulizana hali mpaka ya mbuzi. Kisha nikakunjua jedwali.

"Mama, una watoto wangapi?"

Kisu kikasimama. "Wapo, alhamdulillahi."

"Naam, lakini ni wangapi?"

"Si hawa unaowaona."

Niliowaona walikuwa wawili na kuku. Nyuma ya nyumba nikasikia vicheko vya wengine kama arobaini hivi.

Nyumba ya pili nikaambiwa, "Mungu ametupa." Ya tatu, "Si haba." Ya nne mlango ulifungwa polepole, kwa adabu zote, na nikamsikia mtu ndani akisema, "Ndiye huyo anayehesabu watoto wa watu. Amesoma kwa karabai, sasa karabai limempanda kichwani."

Na mimi ni mtoto wa pwani! Nimekua nikijua kwamba mtoto hahesabiwi hadharani, jicho lisije likampata. Lakini cheti kilikuwa mfukoni kwa wiki mbili tu, na tayari kilikuwa kimenisahaulisha adabu ya miaka thelathini.

Jumatano jioni nilirudi na safu ya tatu nyeupe kama kanzu ya Idi. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimuuliza mama wa watu idadi ya wanawe kama anayeuza mafungu ya samaki?"

"Karatasi ndiyo inayouliza, shangazi."

"Karatasi haikulelewa. Wewe nilikulea mimi. Kesho twende wote, na hilo likaratasi ulifiche kwapani."

Kesho yake tukaanza upya kwa mama yule yule wa muhogo. Shangazi aliketi, akatwaa kisu cha pili, akamenya naye. Muhogo wa tatu ndipo akauliza, "Siku hizi nani anakuchotea maji, mwanangu?"

"Yule mkubwa, na mkokoteni wake."

"Na mbuzi?"

"Mapacha."

"Na huyu wa mgongoni?"

"Huyu kazi yake moja, kulia. Na anaijua."

Wakacheka. Kisha mama akageuza uso kuelekea mlangoni, akasema taratibu, "Yupo na wa ndani. Mguu wake haumbebi. Anasuka ukili wa mikeka."

Nikamwona, binti wa miaka kama kumi, ameketi nyuma ya mlango, vidole vinakimbia kuliko macho yangu. Shuleni hajawahi kufika. Nikaandika: mchota maji, wachunga mbuzi, mliaji, msusi wa ukili. Nyumba kumi tukazimaliza hivyo, nami nimejaa chai hadi masikioni.

Ijumaa, mwalimu wa chuo alikuwa mwanamke wa bara mwenye miwani. Alilisoma jedwali langu, akakunja uso.

"Sasa wewe, hapa nimeuliza namba. Mbona umeniandikia hadithi?"

"Kwetu watoto hawahesabiwi, mwalimu. Lakini humo wamo wote."

Kidole chake kikaanza kutembea juu ya karatasi, midomo ikichezacheza, na mimi nikajua anafanya nini. Nikiongea nitakosa kitanda, nisipoongea nimewaweka watoto wa watu mashakani.

"Samahani, mwalimu. Ukihesabu, useme mashallah."

Alinitazama juu ya miwani kwa muda wa kutosha kupika pilau.

"Mashallah," akasema, kwa lafudhi ya mlimani. Kisha akagusa mstari mmoja. "Wengine wameniletea namba safi sana. Hakuna aliyeniletea mtoto wa nyuma ya mlango. Shule iko mbali na kwao?"

"Hapana. Kaka yake hupita hapo kila asubuhi na mkokoteni wa maji."

Nilipokwisha kusema ndipo nilipokisikia nilichosema. Yeye alikuwa ameshaanza kuandika.

Barua ya kuniita chuoni ilipofika, binti yule alikuwa ameshakwenda shule wiki nzima juu ya mkokoteni, katikati ya mapipa, amenyooka kama bibi harusi. Shangazi alipiga vigelegele vingine. Safari hii nadhani vilivuka mpaka.

Chuoni baridi ilikuwa ya kugandisha mawazo, lakini maktaba! Siku ya kwanza niliazima vitabu mpaka nikashindwa kufungua mlango. Kabla ya kunipa kitanda, karani alinisukumia fomu. Jina, dini, kwetu wapi, nikajaza vizuri. Halafu: idadi ya ndugu zako.

Nikachovya kalamu, nikaandika: Wapo, alhamdulillahi.