Inutile kwa Sauti ya Puani

Harufu ya muhogo uliovundikwa ilinipokea mlangoni kabla ya Mama Yustina mwenyewe. Ilikaa kwenye vitenge vyake, kwenye mkeka, hata kwenye daftari langu, na masika yale, nikiwa darasa la sita pale Ilembo, kwangu ikawa ndiyo harufu ya Kifaransa. Mama Yustina alikuwa jirani yetu, mwalimu kwao Burundi kabla vita havijamleta huku. Shule yetu ilikuwa imepata mwalimu kijana aliyeanzisha kipindi cha Kifaransa kwa kitabu kimoja tu, akatangaza kwamba sista kutoka shule ya bweni angekuja kutusikiliza tukisoma. Atakayemridhisha angesomeshwa bure. Sisi tulikuwa Wasukuma tuliohamia na ng'ombe, na mama alinicheka: "Hicho Kifaransa utaongea na nani, na ndama?"

Yaliyonitesa ni maneno yanayoanza na in. Ulimi wangu ulizoea Kiswahili, ambacho husomwa kama kilivyoandikwa. Mama Yustina, niliyemwendea kila jioni anifundishe, alizigonga silabi kwa kidole juu ya ungo. Ikifuata konsonanti, kama kwenye incapable, in hupanda puani na n yenyewe haisikiki. Ikifuata irabu, kama kwenye inutile, yaani kisichofaa, n huiacha i peke yake ikaenda kushikana na u: i-nu-til. Na hiyo u husemwa midomo ikiwa imechongoka kama ya mtu anayepuliza moto. Nilikosea, nikarudia, nikakosea tena, nikatupa daftari kwa hasira. "Rudia, mwana wanje," alisema, akiniita mwanangu kwa Kirundi. "Haba na haba hujaza kibaba." Nilikuwa nimechoka hata na methali zake.

Nilipoliweza neno inutile hatimaye, mwalimu akanikatisha darasani. Kwake kila in ilikuwa ya puani. Alinisimamisha nisome upya huku wenzangu wakicheka. Mama Yustina aliposikia, alivaa vizuri akaenda kuzungumza naye kwa adabu. Nilikuwa dirishani nikasikia jibu: "Mama, nyie Warundi mna lafudhi yenu. Hapa anayesahihisha ni mimi."

Siku ya mgeni wazazi walikaa madawati ya nyuma, Mama Yustina miongoni mwao. Nilisoma vizuri mpaka nikafika kwenye inutile. Mwalimu alikuwa amesimama kando ya sista, macho kwangu. Nikaligawa in-u-til, in ikiwa ya puani kama ya mwenye mafua. Sista akainua kichwa. "Rudia, binti," akasema kwa upole. Nafasi ile ilikuwa yangu, na nilijua hivyo. Nikarudia vilevile. Sista akaandika kitu. Mama Yustina alikuwa akitazama sakafu.

Hakuchaguliwa mtu shuleni kwetu. Jioni nilimkuta Mama Yustina akimenya muhogo.

"Ulijua," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Basi umenikana mbele ya watu."

Hakunifukuza, ila hakunifundisha tena, na mwaka uliofuata akahamia kwa mwanawe.

Siku hizi binti yangu hugusa simu ikamtamkia neno lolote la Kifaransa, hata mara mia. Mwalimu akimpinga, anao ushahidi kiganjani. Namwonea wivu, kisha najikasirikia mwenyewe, maana mimi nilikuwa na shahidi aliye hai, ameketi dawati la nyuma, na aliyemnyamazisha ni mimi.