Msafisha Majina wa Rahaleo

Nyie, leo nusura nimpe mtu elfu thelathini anisafishie jina, kumbe la kwake limeoza!

Iko hivi. Nataka mkopo wa cherehani. Benki wakaniambia jina langu lina deni la mkopo wa simu, ule niliochukua mtoto alipolazwa. Nimalize kwanza, ndipo nirudi.

Asubuhi hapa Rahaleo nikaelekezwa kwa kaka mmoja. Shati kachomekea, kompyuta mapajani, sauti kama mkurugenzi.

"Mama Nasri, kulipa deni ni ushamba. Nipe elfu thelathini, jioni jina lako linang'aa kwenye mfumo wa mikopo."

Hela ninayo kwenye ncha ya kanga, niliitenga kupunguza hilo hilo deni. Nikaanza kufungua fundo. Ndiyo, nacheka na mimi.

Kaka akainama, akashusha sauti:

"Halafu dada'angu, laini yako bado inakopesheka? Nikopee elfu ishirini. Yangu wameifungia kwa deni tangu mfungo."

Wee!

"Sasa mbona hujajisafisha mwenyewe?"

Uso mkavu, hata aibu hana: "Mimi mfumo ushanijua sura."

Nikafunga fundo langu, nikaondoka. Nimepita kwa wakala, thelathini yote nimelipa kwenye deni. Imebaki hamsini. Nitalipa kidogo kidogo kwa hela ya maandazi ninayouza, na cherehani nitaipata, inshallah.

Haya, wangapi mlishamlipa huyu mkurugenzi? Semeni hapo chini, sitawacheka.

Nitawacheka.