Bogenvilia za Hoteli

Alikuwa dobi kwa miaka kumi na mmoja, mpaka mgongo ulipomwambia basi. Kila nyumba aliyofulia alikuwa akiomba tawi la ua, akalichomeka kwenye kopo uani kwake, na hayo makopo ndiyo yaliyozaa biashara ya miche. Majirani wakambandika jina: Mama Makopo. Yeye alipanda. Wifi yake, dada wa mumewe, alimwagilia na kuuza, maana mdomo wake ungeweza kumuuzia samaki maji.

Mwaka ule meneja wa hoteli mpya aliagiza bogenvilia mia na ishirini.

"Siku ya ufunguzi nataka maua, mama. Majani ninayo."

Zikabaki wiki tano. Miche ilikuwa imenawiri, kijani kitupu, ua hata la dawa hakuna. Mama Makopo akawa anazunguka kitaluni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nyuma ya choo, mahali mpira wa maji haufiki, akakuta mche mmoja uliosahaulika. Udongo wake ulikuwa mkavu kama mfupa, majani ya kuhesabu, lakini matawi yamefunikwa maua mekundu.

Akautazama, akautazama, mpaka kichwa kikafunguka.

"Wifi, funga bomba! Kuanzia leo hakuna maji wala samadi."

"Makubwa! Unataka kuiua?"

"Imeshiba mno. Aliyeshiba hana haraka ya kuzaa."

"Ala! Ndiyo maana wewe ulichelewa. Kaka yangu alikulisha sana."

Siku ya sita majani yakanyong'onyea. Asubuhi moja alimfuma wifi amechuchumaa na jagi, anaunywesha mche wa pembeni kwa siri.

"Nimeuonea huruma tu, wifi."

"Nionee mimi!"

Akampokonya jagi. Lakini na yeye roho ilikuwa juu juu, basi akaupa kila mche kikombe kimoja, cha kushikilia uhai.

Siku ya kumi na nane wifi ndiye aliyepiga kelele. Mama Makopo alitoka mbio na povu la sabuni mikononi, akaona vidoa vyekundu kwenye ncha za matawi, huku na huku, kitalu kizima. Akakaa chini palepale kwenye vumbi, anacheka na kufuta machozi kwa povu.

Meneja alipokuja na lori aliuliza wameipa dawa gani.

"Njaa," wifi akamjibu.

Lori lilipokata kona, Mama Makopo alitandika mkeka kivulini, akalala mchana kweupe mpaka jua la magharibi likamfikia miguuni.