Sarafu ya Mama Kabula

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya ndimu, mwanangu. Mpaka leo nikipita mahali mtu anakamulia ndimu nyama yake, najikuta nimerudi kwenye duka la mjomba wangu Feruzi pale Tabora, na mama wa watu ameketi barazani ananitazama. Nimezeeka, nimesahau mengi niliyotamani kuyakumbuka, lakini macho yale hayajanitoka.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na tayari nilikuwa sonara, au ndivyo nilivyojiita. Mjomba ndiye aliyenifundisha kufua pete, bangili na vikuku. Alikuwa na sharti moja lililojulikana mji mzima: kitu hakitoki dukani kwake bila kung'aa. Hata ungemletea kijiko kilichopinda akunyooshee, ungerudishiwa kijiko unachoweza kujitazamia uso. Mimi sharti hilo nililishika kuliko alivyolishika yeye mwenyewe, maana kijana akijifunza jambo moja hudhani amemaliza.

Ilikuwa miaka ile ya watu kuhamia vijiji vya ujamaa. Asubuhi hiyo mjomba alikuwa amekwenda mazikoni, nami nimebaki peke yangu, nikaona watu watatu wanaingia, wameshuka kwenye treni kutoka Kigwa. Mmoja alikuwa mwenyekiti wa kijiji kipya cha huko, wa pili mgambo na rungu lake, na wa tatu mjane wa makamo aliyeitwa Mama Kabula. Mwenyekiti ndiye aliyesema. Walipokuwa wakichimba msingi wa ghala la kijiji walikuta chungu kimejaa hela za Wajerumani, zile sarafu ndogo za shaba za enzi za utawala wao. Chungu kikawa mali ya kijiji, lakini fununu zikaenea kwamba kuna mtu alichomoa kabla hakijafika ofisini. Juma hilohilo uzi aliovaa Mama Kabula shingoni ukakatika kisimani mbele za watu, na sarafu kuukuu ikadondoka kutoka ndani ya nguo yake.

Mwenyewe alisema ni ya marehemu mumewe. Babu wa mume alikuwa mpagazi, alibeba pembe mpaka pwani enzi za misafara, akarudi na sarafu hiyo shingoni. Lakini Mama Kabula alikuwa mgeni pale kijijini, hana ndugu wa kumsemea, na hakuna aliyemsadiki.

Mwenyekiti aliweka sarafu mbili mezani kwangu, ya yule mama na hela moja kutoka kwenye chungu. "Ndugu sonara, tunataka kauli yako tu," akasema. "Hii ni hela, au si hela? Kama ni hela, huyu analala polisi leo, na nyumba yake kule tunampa mwingine."

Nilizichukua. Zote za shaba, upana karibu mmoja. Hela ile nyingine ilikuwa na taji upande mmoja, na upande wa pili shada la majani. Ya Mama Kabula ilikuwa nyeusi, imelika, lakini nilipopitisha kidole nikahisi majani. Basi, mwanangu, sikutaka tena kitu kingine. Nilisema ni hela, imechakaa tu. Mwenyekiti akauliza habari za tundu lililokuwa juu yake, nikasema amelitoboa ili aifiche asili yake. Akataka niandike, nikaandika na kutia sahihi kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Hakuna aliyewahi kuniomba sahihi kabla ya siku hiyo, na kichwa kilinivimba.

Mwenyekiti akaondoka kwenda ofisi ya wilaya, akasema alasiri atarudi na askari. Mgambo akamketisha Mama Kabula barazani. Nami, kwa kuwa kitu hakitoki kwetu bila kung'aa, nikakata ndimu, nikachota majivu, nikaanza kuisugua ile sarafu.

Mama Kabula akasema kwa upole, "Usiisugue, baba. Iache ilivyo."

Nikajibu kwamba askari watataka kuona vizuri. Nikaendelea. Alitazama tu vidole vyangu. Weusi ukatoka na povu la majivu, na sarafu ikawa nyekundu kama imezaliwa jana. Nilijisikia fundi.

Mjomba alirudi adhuhuri. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, nikamsimulia yote kwa fahari. Akaiokota sarafu, akaipeleka mlangoni penye jua, akailaza kiganjani ili mwanga uipige kwa ubavu. Kisha akaiweka juu ya fuawe, kile chuma tunachofulia, na kuibonyeza ukingoni kwa kidole, ikacheza. Akaweka na hela ya chunguni, akaibonyeza. Ile ilitulia tuli.

"Mpwa wangu," akasema, "uliitazama kwa macho yako, au kwa maneno ya mwenyekiti?"

Akanionyesha nilichopaswa kukiona mimi, fundi wa nyundo. Hela imekatwa na mashine, unene wake ni mmoja pande zote. Hii ilikuwa nene huku na nyembamba kule, ukingo wake umepasuka mahali pawili, kama kinavyopasuka chuma kinachopigwa nyundo kwa nguvu. Kisha akanionyesha tundu. Tundu jipya huwa na kingo kali. Hili lilikuwa laini na limevutika kuelekea juu, kwa sababu uzi umelila. "Uzi hauli shaba kwa juma moja," mjomba akasema. Nilitazama barazani, Mama Kabula alikuwa amejifunika kanga kichwani, midomo inacheza kwa dua.

Nikauliza, kama si hela ni nini? Mjomba akasema hajui. Aliona kichwa cha mtu, na majani niliyoyahisi yalikuwa yamefungwa kichwani pake. Pembeni palikuwa na alama mfano wa herufi, lakini si za Kiarabu wala si hizi zetu. Nyingine zilikuwa zimefutika, na majivu yalikuwa bado kwenye kucha zangu.

Mgambo alikataza sarafu isitoke dukani. Mjomba akachukua karatasi nyembamba, akaifunika sarafu na kupitisha ubavu wa penseli taratibu, picha ikajitokeza: shingo, kichwa, herufi tatu. Akanituma kwa padri mmoja mzee, Mnyamwezi aliyefundisha seminari miaka mingi na kusoma lugha za kale. Niliendesha baiskeli kwenye ule mchanga huku nikilitazama jua linavyoshuka. Niliogopa, mwanangu, sikufichi. Nilijua nikichelewa, mama yule atapelekwa kwa sahihi yangu.

Padri alivaa miwani, akaigeuza karatasi mara tatu. Akaniuliza ukingo ukoje, uzito ukoje. Ndipo akasema ni herufi za Kigiriki, na kwamba katika miji ya mashariki iliyotawaliwa na Warumi watu walifua sarafu zao za shaba namna hiyo, zenye kichwa cha mfalme aliyevikwa majani. Nikamuuliza mji gani. Akasema hajui. Mfalme gani? Hajui.

"Herufi tatu hazitoshi kutaja jina la mtu," akasema. "Nyingine ziko wapi?"

Nikamwambia nimezisugua. Hakunikaripia. Aliandika kwenye karatasi kile alichokijua, na chini yake akaandika asichokijua. Nami niliyeandika asubuhi kana kwamba najua kila kitu, nilitamani ardhi inimeze.

Nilipofika dukani mwenyekiti na askari walikuwa wamekwisha wasili, na Mama Kabula amesimamishwa. Nikasema mbele yao wote kwamba nimekosea, si hela bali ni sarafu ya enzi za Warumi. Mwenyekiti akawaka, akauliza imekuwaje asubuhi hela na alasiri Warumi, nimehongwa na nani? Nikaomba karatasi yangu nikaichana, halafu nikamwita askari kwenye fuawe. Alibonyeza sarafu zote mbili kwa kidole chake, akapapasa lile tundu, akasoma barua ya padri. Kisha akamwambia mwenyekiti kwamba yeye hamfungi mtu kwa sarafu inayocheza, na akamwambia mama aende nyumbani.

Nilimpa Mama Kabula sarafu yake kwa mikono miwili. Aliigeuza, akainusa.

"Jina langu umenirudishia," akasema. "Lakini hii siijui. Ile yangu ilikuwa na weusi wa jasho la mume wangu."

Niliomba radhi, akaitikia kwa kichwa, akaifunga kwenye pindo la kanga na kwenda kungoja treni.

Miaka mingi baadaye alipita dukani, mjomba keshafariki, mimi nimeanza kuota mvi. Akaivuta sarafu kutoka shingoni anionyeshe. Ilikuwa nyeusi tena. Akacheka kidogo, akasema sasa kuna jasho lake humo, atamwachia Kabula. Nikaomba niishike, nikailaza mwanga uipige kwa ubavu, kama alivyofanya mjomba. Weusi ulikuwa umerudi. Herufi hazikurudi.

Kwa hiyo nakuasa, mwanangu. Ukiulizwa jambo ambalo maisha ya mtu yananing'inia juu yake, usijibu upesi ili uonekane unajua. Kitazame kitu chenyewe kabla ya kusikia wanachotaka kiwe. Mwenye kitu akikuambia usikiguse, koma, hata kama mikono yako imefundishwa vinginevyo. Na ukikosea, liseme kosa lako palepale ulipolifanyia, mbele ya watu walewale, kabla jua halijashuka.

Mola akupe jicho lenye subira na mkono mwepesi. Akupe na watu wa kukuambia umekosea, nawe akujalie kuwasikiliza ungali na muda wa kupanda baiskeli. Amina.