Shahidi wa Bahari

Kaltumu hajawahi kuiona bahari kwa macho yake, na bado ndiyo inayomlisha. Kila siku saa mbili asubuhi, ofisini Arua, Uganda, hufungua picha zilizopigwa na setilaiti ndogo, ndogo hasa, ungeibeba kwapani kama mkate. Kazi yake ni kuchora mstari kuzunguka mawingu ili kompyuta isiyachanganye na maji. Kinachobaki ni rangi. Kijani maana yake kuna vimea wanavyokula samaki. Buluu tupu, hakuna kitu. Basi. Nukta moja ya picha ile inalimeza soko zima la Koboko na wachuuzi wake.

Hayo aliwaeleza nyumbani Koboko mara ngapi! Nani amsikilize? Mama yake alishika moja tu: mwanangu anaiangalia bahari kutoka juu.

Na Kabiru, kaka yake, alipotelea baharini. Alipitia Sudan hadi Libya, akapiga simu Jumanne moja kusema wanapanda boti ya kwenda Ulaya, halafu kimya. Mwaka wa pili huu. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo, waongo hao. Njoo Koboko uone sahani ya Kabiru inavyofunikwa kila mlo. Ruqaiya, mkewe, si mke wala si mjane. Shehe alikataa: bila shahidi hakuna swala ya maiti, hakuna eda. Asubiriwe.

Picha ya Jumanne ile Kaltumu alishaitafuta zamani. Pwani yote ya Libya ilikuwa wingu. Akachora mstari wake, akaenda kunywa chai. Hakulia. Alijishangaa siku mbili tatu, kisha hata kule kujishangaa kukaisha.

Ijumaa ya juzi alifika nyumbani akamkuta Ruqaiya anachambua mchele, amekonda.

"Wifi," Ruqaiya alisema bila kuinua kichwa, "miaka yangu iko naenda. Kama Kabiru iko mzima, sema. Kama imekufa, sema. Mimi nimechoka."

Mama naye akadakia, "Kaltumu, wewe iko naangalia kule kila siku. Uliona nini?"

Amwambie wingu? Alishamwambia, na jibu lilikuwa lile lile: basi angalia tena kesho. Kaltumu akaisikia sauti yake mwenyewe ikitoka, kavu, kama ya mtu anayetaja bei ya sukari.

"Niliona boti ikizama, mama. Jumanne ile."

Uongo mtupu. Kesho yake akaurudia mbele ya shehe, mkono juu ya msahafu. Shehe naye anaiheshimu mitambo. Aliuliza maswali mawili, akaridhika. Baada ya adhuhuri wanaume wakamswalia Kabiru pasipo jeneza. Ruqaiya akajitanda, akaingia eda, na kwa mara ya kwanza tangu simu ile akalala alasiri nzima. Majirani walileta vyungu vya chakula. Sahani ya Kabiru alipewa mgeni.

Jioni mama alimwita Kaltumu chumbani, akamshika kiganja.

"Kabiru ilikuwa peke yake?"

"Hapana, mama. Ilikuwa na wenzake."

"Iliita mimi?"

"Iliita."

Mama akalia, akalia sana, machozi ya miaka miwili. Kaltumu aliyatafuta ya kwake, hayakuwapo. Halafu mama akanyamaza, akamtazama usoni.

"Na wewe ulikuwa unaangalia tu?"

"Ndiyo, mama," alisema Kaltumu. "Nilikuwa naangalia tu."