Sindano ya Gramafoni ya Baba

Juzi hapo Dunga, ufukweni mwa ziwa, nimemaliza kukaanga samaki na mikono bado inanuka mafuta, nilimwona msichana akiuza njugu. Njugu zenyewe sikuziangalia. Niliangalia bakuli. Lilikuwa jeusi, kingo zake zimejikunja kama rinda la sketi, na katikati, chini ya njugu, kulikuwa na duara la karatasi nyekundu. Nikazisukuma njugu kando kwa kidole. Ile mistari midogo midogo bado ilikuwepo, imezunguka na kuzunguka. Lilikuwa santuri.

"Mama, unanunua ama unachezea biashara ya watu?"

"Hii bakuli umetoa wapi?"

"Ya dani, nyanya yangu. Risper."

Nikakaa chini kwenye kreti. Ninyi mnaosoma hamumjui Risper, lakini leo mtamjua, maana siku hizi mimi nawataja watu kwa majina. Nimenyamaza vya kutosha. Yule mjukuu hana kosa, nikampa samaki wawili wakubwa, naye akanipa bakuli huku akinicheka.

Baba yangu alikuwa fundi wa trekta kule Muhoroni, zile za kuvuta miwa. Kalasinga mmoja aliyekuwa mkubwa wake gereji alipohamia ng'ambo, alimwachia gramafoni ndogo ya betri, ile ya kufunika kama sanduku, pamoja na albamu tatu. Zote zilikuwa roki, magita ya Wazungu. Baba aliishia darasa la tatu, na mimi baadaye nikaishia la nne, kwa hiyo yale majina yaliyoandikwa juu hakuna aliyejisumbua nayo. Tulizipa majina yetu.

Ya kwanza tuliiita Ya Moto, kwa sababu kwenye jalada kulikuwa na basi linawaka. Hiyo ilikuwa ya Jumamosi, Baba akifika nyumbani na grisi mpaka masikioni. Gita lake lilikuwa na kelele ya kukwaruza, na Baba alisema hiyo ni trekta yenye trela tatu za miwa inapanda mlima na imekataa kuzima. Mpaka leo nikisikia gita la namna hiyo naona mlima, na naona tunafika juu.

Ya pili ilikuwa Ya Mvua. Vijana wanne wembamba wamesimama kwenye mvua bila mwavuli, nyuso zimenuna kama waliofeli mtihani. Mama kila akiliona lile jalada aliuliza, "Hawa watoto hawana mama?" Lakini ndiyo aliyoipenda. Ilianza polepole, gita moja tu, kama mtu anayebisha hodi na hana hakika kama yuko kwenye nyumba yenyewe.

Ya tatu haikuwa na jalada, Baba akaishonea mfuko wa gunia la sukari. Tukaiita Ya Gunia. Humo aliimba mwanamke mwenye sauti iliyokwaruzika, sauti ya mtu aliyeita wateja tangu asubuhi na bado samaki hawajaisha. Nilikuwa mdogo na sikuelewa neno hata moja, lakini nilijua huyo mama amekasirika na haombi msamaha. Nilimpenda kuliko walimu wangu wote.

Kazi ya kubadilisha sindano ilikuwa yangu. Sindano ya gramafoni ni kitu kidogo kuliko punje ya mchele, imejificha chini ya kichwa cha ule mkono unaoshushwa juu ya santuri, na vidole vya Baba vilikuwa vinene kama spana. "Leta vidole vyako," alikuwa akisema, na mimi nilijiona daktari.

Nilipokuwa na miaka kumi, kifua kilimchukua Baba. Tulimzika nyumbani, karibu na ziwa, tukanyolewa vichwa, na kabla udongo haujakauka, mdogo wake, Nashon, akaja kugawa vitu. Namtaja: Nashon, na mkewe Risper. Walichukua baiskeli. Walichukua kitanda, Mama bado amekikalia. Nashon akaikumbatia gramafoni na santuri zake akasema, "Mwanamke na muziki ni wapi na wapi?" Alikuwa ameitamani miaka yote, na Baba hakuwahi kumruhusu hata kuifungua.

Lakini mimi nilimwona akija tangu kwa lango. Kabla hajafika nilikuwa nimeshachomoa sindano. Nywele za kufichia sikuwa nazo, kichwa kilikuwa kama yai, kwa hiyo niliiingiza kwenye pindo la gauni langu na kulifunga kwa mishono miwili ya uzi wa gunia.

Jumapili ya pili baada ya maziko, mchana kweupe, Nashon aliita boma zima kwake kunywa chai na kusikiliza. Alivaa koti la Baba. Alitia betri mpya, akaweka Ya Gunia, akashusha mkono, akarudi nyuma hatua mbili kama mchungaji anayesubiri amina. Sahani ikazunguka. Hakuna kitu. Akainua, akashusha. Akaipiga kofi. Akabadilisha betri. Sahani inazunguka tu, watu wanatazamana, na lile koti likaanza kulowa jasho mgongoni.

Nyanya yetu, tuliyemwita Dani, mama yao Baba na Nashon, alikuwa kwenye kigoda chake. Akasema bila kuinua macho, "Nashon, ndugu yako amekunyima sauti."

Yawa! Wanawake wakashika vifua. Mzee mmoja akaweka kikombe chini na kutafuta kofia yake.

Risper hakuwa mtu wa kuogopa wafu. "Kama haziimbi, zitafanya kazi ingine," akasema. Wakati huo wake za watu walipenda mabakuli ya santuri. Unachemsha maji, unaitumbukiza, ikilainika unaibandika juu ya sufuria iliyopinduliwa, ikipoa una chombo cha maua. Maji yalikuwa jikoni tayari, ya chai. Akatupa Ya Moto ndani ya karai. Nikaiona ikilegea. Trekta ya Baba ikalegea mbele ya macho yangu kama chapati, na ile harufu ya plastiki iliyopata joto haijanitoka puani hadi leo.

Akaichukua Ya Mvua.

Nikasimama. Nikasema, "Msiichemshe. Mimi nitaifanya iimbe."

Nashon akacheka. "Wewe kipara? Mimi mwenyewe imenishinda!"

"Watoto ndio wanajua mashini za siku hizi," Dani akasema. "Nashon, sema mbele ya watu. Ikiimba?"

"Ikiimba aende nayo! Aende na zote!"

Nikawapa mgongo. Nilichana pindo kwa meno, nikainama kama ninayesali, na vidole vyangu vikafanya kazi yao. Nikaweka Ya Mvua. Nikashusha mkono.

Lile gita likabisha hodi.

Jamani, sijawahi kusikia vigelegele kama vile. Mama alisimama kutoka nyuma alikokuwa amekaa na watu wa kilio, akalia na kucheka kwa pamoja. Nashon akataka kuleta maneno, Dani akamwambia, "Umesema tumesikia." Tukaondoka nayo, gramafoni juu ya kichwa cha Mama, mimi nyuma na Ya Gunia mkononi, Ya Mvua ikiimba na kurukaruka njia nzima kwa sababu nilikataa kuizima.

Sitawadanganya kwamba mambo yaliisha vizuri. Nashon alinivizia njiani wiki hiyo hiyo akanichapa kwa mshipi, na shamba la Baba alilotunyang'anya hakurudisha mpaka anakufa. Shule nikaacha. Tukahamia Nyalenda, mtaa wa mabanda Kisumu, Mama akiuza dagaa wa omena. Lakini tulihama tukiwa na muziki.

Jambo moja nilikuja kulielewa nikiwa mtu mzima, siku nashona sare ya binti yangu. Nilikumbuka ile Jumapili nilivyochana pindo kwa meno, na lilivyokataa kuchanika upesi. Mishono yangu miwili ya uzi wa gunia haikuwepo. Pindo lote lilikuwa limeshonwa upya kwa uzi mweusi, mishono midogo iliyobanana, na mwisho wake mafundo mawili. Katika boma lile ni mtu mmoja tu aliyemaliza mshono kwa mafundo mawili, na huyo alikuwa amekaa kwenye kigoda akimuuliza mwanawe, "Ikiimba?"

Sindano ile iliisha makali zamani. Nimeiweka ndani ya bakuli la Risper, bakuli nimeliweka kando ya gramafoni, na gramafoni fundi wa mtaa ameitia sindano mpya na kuiunganisha na stima. Jumapili nikitoka Dunga naweka Ya Gunia, na yule mama anaanza kugomba kwa sauti ambayo siku hizi ni yangu kabisa. Majirani wa Nyalenda wanapiga kelele kupitia mabati: "Mama Roki! Ongeza!"

Naongeza.