Linki Zenye Alama Nyekundu

Pale Mbebe, ukitaka kumjua Yesaya Mbonile, muuzie kuku. Atamgeuza miguu juu, atamnusa, atakuuliza mama yake kuku alikufa kwa ugonjwa gani, na akishamnunua atakusindikiza mpaka njia panda ahakikishe hurudi kumwiba. Watu wamemchoka. Mwenyewe anajiona ndiye pekee mwenye akili timamu katika milima yote ya Ileje.

Tabia hiyo ilikuwa imemponza mwanawe. Luka alishakaribia kuoa mara mbili, na mara zote baba yake alikwenda kuwahoji wakwe kama polisi, posa zikafa. Safari hii Luka alimpata binti wa Ihanda aitwaye Loisi. "Anafanya kazi ya mikono pale Mlowo," alisema. Kazi gani hiyo ya mikono? Baba aliuliza, kijana akajikohoza akatoka nje. Posa ikapangwa Jumamosi. Mshenga angetosha, lakini Yesaya amwamini mshenga! Wapi! Atakwenda mwenyewe.

"Baba Luka," mkewe Tumpe alimwambia, "mtoto kasema hii nayo ikiharibika, hataleta mwingine tena. Nakuomba, mdomo wako uufunge."

"Nitaufunga. Ila huyo binti ashike mila. Mkwe wangu asinitazame usoni, asinisemeshe, asinipe kitu mkononi. Wa siku hizi wanakukodolea macho baba mkwe kama wewe ni televisheni!"

"Nimeshamfundisha yote," akajibu Tumpe.

Likabaki suala la gari. Pikapu yake ilikuwa inagonga mbele, ko-ko-ko kila shimo, na kwenye kona za mteremko inalala upande mpaka abiria anashika dashibodi. Fundi wa jirani alimwambia zimekufa linki za stabilaiza, vile vyuma viwili vifupi, kimoja kila upande, vinavyozuia gari lisilale. Sasa Yesaya ndiye wa kumwachia fundi akanunue spea? Alikwenda Tunduma mwenyewe Ijumaa asubuhi. Muuza duka akamsalimia "Mulishani?" akidhani ni mteja kutoka ng'ambo ya mpaka, na Yesaya akaishuku hata hiyo salamu. Alipozipata linki zake, alitoa mfukoni kichupa cha rangi ya kucha ya Tumpe, akatia nukta nyekundu kwenye kila moja. Hivyo ndivyo anavyowekea alama magunia yake ya kahawa, na hajawahi kubadilishiwa gunia.

Kuzifunga palepale Tunduma alikataa. Mpakani pale, alisema, kifaa chako kinaweza kuvuka kabla hujamaliza chai. Akaendesha mpaka Mlowo, kwenye gereji ya mtu aitwaye Boazi.

Kitu cha kwanza alichokiona hakikumpendeza. Fundi mmoja aliyevaa ovaroli na kofia aliinua uso, akamwona, akaangusha spana, akateleza chini ya lori lililokuwa pale. Loh! Mtu mwema anakimbia nini?

"Huyo ndiye fundi wangu wa mambo ya chini, mzee," Boazi akasema. "Ngoja nimwite."

Fundi alikuja akizunguka nyuma ya pikapu, kofia imeshushwa mpaka puani, akazama chini bila salamu. Yesaya akavuta kigoda, akaketi karibu na gurudumu. Alichokiona ni viatu na mikono miwili tu. Akiinama kushoto amwone, viatu vinahamia kulia. Akimuuliza swali, jibu linatoka kwa Boazi. Linki mpya alipomnyooshea, mkono haukupokea. Fundi alisubiri mpaka Boazi azichukue na kumpelekea. Yesaya akaona mambo ni wazi kabisa.

Kisha jeki ya pili ikawekwa upande wa pili.

"Huko kunagonga nini?" Yesaya akaruka. "Kulia kuzima! Mnatafuta nini huko?"

"Mzee, ukiinua gurudumu moja tu, kile chuma cha stabilaiza kinajipinda, linki haifiki kwenye tundu lake. Lazima pande zote zikae sawa. Na linki zinabadilishwa zote mbili, si ndiyo maana umenunua mbili?" Boazi akamweleza.

Yesaya akasogeza kigoda karibu zaidi. Maneno matamu ndiyo yanayomtisha zaidi. Akatulia akisikiliza nati zikikaza, na zilipokoma akapiga magoti, akachungulia kushoto. Nukta hakuna. Akakimbilia kulia. Hakuna! Na pale chini, kando ya fundi, kulikuwa na kitambaa kilichofunga vyuma viwili.

"Mwizi!" alipaza sauti, gereji nzima ikasimama. "Umenifungia linki bandia, zangu umezifunga kwenye kitambaa! Toka huko! Toka nikuone sura yako, mwizi wewe! Nitazame!"

Fundi akatoka taratibu. Alitokea upande wa pili, akapiga magoti, uso ameuelekeza kwenye gurudumu na mgongo amempa Yesaya. Kofia ilikuwa imemtoka kichwani, na nywele zilisukwa vizuri, za msichana anayetegemea wageni kesho.

Boazi akakifungua kile kitambaa. Zilikuwa linki kuukuu, zimefutwa grisi, arudishiwe mwenyewe. Halafu akazungusha usukani, magurudumu yakageuka, na nukta mbili nyekundu zikaonekana, kila moja upande wa ndani unaotazama injini.

"Mzee, huyu ni Loisi wa Ihanda," akasema kwa sauti ya chini. "Mama Luka alimwonyesha picha yako. Amekukwepa tangu ulipoingia, kwa heshima yako."

Yesaya alitamani ardhi ipasuke. Angeomba radhi vipi? Kumsemesha mkwe ni mwiko, mwiko aliouweka yeye. Akamgeukia Boazi.

"Mwambie... mwambie nimekosa."

Loisi akamnong'oneza Boazi, bila kugeuka.

"Anasema kesho uje. Ila kabla hujataja posa, useme mbele ya baba yake ulichomwita leo."

Yesaya aliondoka bila kukagua hata tairi la akiba. Njia nzima gari halikugonga, na kimya hicho kilimsumbua kuliko kule kugonga.

Jumamosi, sebuleni Ihanda, mzee Yonathani, baba yake Loisi, alimkaribisha kiti. Yesaya akabaki amesimama. Tumpe alikuwa ameinama, Luka ameshika magoti yake. Nyuma ya pazia la jikoni, alikokuwa Loisi, vyombo vilikuwa vimeacha kulia.

"Kabla sijakaa," alisema. "Jana nilimwita binti yako mwizi. Mbele za watu. Hakuniibia kitu. Mimi ndivyo nilivyo, na nimekosa."

Yonathani akauliza:

"Na gari, bado linagonga?"

"Haligongi."

"Basi kaa, mkwe, tuongee," Yonathani akasema, na nyuma ya pazia vyombo vikaanza tena kulia.